Fomu ya Bosibori

Nyanchwa, Kisii
9 Machi 2025

Kwa Nyaboke, mwenye jina la mama yangu,

Hujambo huko mbali? Sisi hatujambo, isipokuwa mvua imekataa kuanza na majani chai yamesinyaa shambani. Baba Bosibori analalamika mgongo tangu Jumatatu, ingawa nimegundua mgongo huo huuma siku za kazi tu, Sabato hauumi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama yako aliniambia kwa simu kwamba umehama tena. Hii ni mara ya tatu ndani ya miaka miwili. We mtoto, unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, una nini?

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Bosibori anamaliza gredi ya saba mwaka huu. Mimi nimestaafu, nina muda wa kuwaza, na nimewaza hivi: nataka aje huko Januari asome pale pale uliposoma wewe. Baba yako na mama yako wamekubali akae kwao Randburg. Kilichobaki ni fomu. Nenda shuleni kwako uichukue, umpe Cyrus wa kanisani kwenu akija Nairobi kwa kazi zake za benki, naye ataipakia kwenye basi la Kisii kama anavyofanya siku zote.

Usidhani nimekurupuka. Barua zako zote ninazo, tangu ukiwa na miaka saba, zile baba yako alizokulazimisha uniandikie kila mwisho wa mwezi ili Kiswahili kisikutoke. Ni kweli nilikuwa nazikosoa kwa kalamu nyekundu na kukurudishia nakala, lakini kwanza nilikuwa nawasomea watu wa nyumbani kwa sauti. Hadi leo barua yako ikifika tunakaa sebuleni naisoma, na Bosibori hakubali niruke hata salamu. Amekua na shule yako masikioni. Anajua bwawa la kuogelea, anajua siku uliyoimba peke yako mbele ya wazazi, anajua majina ya marafiki zako. Katika miaka yako mitano pale hakuna barua hata moja uliyolalamika. Mtoto asiyelalamika miaka mitano, basi hiyo ndiyo shule. Wewe ndiwe shahidi wangu.

Fanya haraka, mama. Bosibori anakusalimu sana, na ameniomba nikuulize kama bwawa lina kina kirefu.

Shangazi yako,
Maryanne


Doornfontein, Johannesburg
6 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, kwa sababu ulinifundisha barua ya heshima haiingii ndani bila kupiga hodi. Baba na Mama wako salama. Baba amenunua kofia mpya ya kanisani na Mama anasema inamfanya afanane na askari wa getini. Mimi kweli nimehama. Niko Doornfontein sasa, ghorofa ya tano, dakika kumi kwa miguu hadi chuoni ninakofanya kazi ya kuwaandalia wanafunzi vifaa vya maabara. Chini yangu anakaa Murielle, Mkongo wa Bukavu, msusi. Tunaongea Kiswahili, mimi changu na yeye chake, tunakutana katikati. Ana binti wa miaka minane, Chloé, anayeelewa kila neno tunalosema na kutujibu kwa Kizulu.

Umeuliza nina nini. Sijui, shangazi. Nikikaa mahali miezi sita miguu inaanza kuniwasha. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kelele, ya pili jirani alikuwa ananiangalia vibaya kwenye lifti, ya tatu haikuwa na ubaya wowote na ndiyo niliyoihama kwa haraka kuliko zote.

Kuhusu fomu, nilienda Ijumaa. Ofisi ilikuwa imefungwa. Nitajaribu tena.

Lakini shangazi, kwani shule za huko zina ubaya gani? Si wewe mwenyewe uliyefundisha miaka thelathini na nne? Bosibori bado mdogo. Huku kuna baridi, na watoto wa huku wana mambo yao. Nasema tu.

Mwambie bwawa lina kina cha mita mbili upande mmoja.

Mwanao,
Nyaboke


Nyanchwa, Kisii
4 Mei 2025

Nyaboke,

Salamu zako zimefika na tumezipokea. Mvua imekuja, tena imekuja kwa hasira, imebeba daraja dogo la kwenda kwa akina Marthe, sasa watu wa kule wanazunguka hadi barabara kuu. Baba Bosibori amepona mgongo, sasa ni goti.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa sauti na mara moja peke yangu. Ile ya peke yangu sikuipenda. "Watoto wa huku wana mambo yao." Mambo gani? Ukiandika sentensi, imalize. Na ofisi ya shule kufungwa Ijumaa ya kawaida, haya, nimekubali, labda walikuwa na mkutano. Rudi Jumatatu.

Unaniuliza shule za huku zina ubaya gani. Hazina. Nimezijenga mimi na wenzangu. Lakini mtoto wangu mwenyewe amenijia na kuniambia anataka huko, na si mtoto wa kuomba omba. Mwaka mzima haniombi kitu, hata viatu namlazimisha. Tangu nimwambie nimekuandikia, ameanza kukunja nguo zake kwenye sanduku. Januari iko mbali, namwambia, anasema anajaribu tu kuona kama zitaenea.

Kuna jambo limekukaa rohoni? Kama lipo, liseme.

Shangazi,
Maryanne


Doornfontein
1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Huku baridi imeingia kabisa, midomo inapasuka na nyasi zote zimekuwa za manjano. Mama ana mafua. Chloé wa Murielle aling'oka jino akaja kunionyesha kabla ya kumwonyesha mama yake.

Nilienda shuleni Jumatatu kama ulivyosema. Wameniambia fomu za mwaka kesho zimekwisha, wanafunzi wamejaa. Pole sana. Naweza kutafuta shule nyingine, au asubiri mwaka mmoja, au miwili, akikua kidogo itakuwa rahisi.

Hakuna kilichonikaa rohoni. Kazi ni nyingi tu.

Nyaboke


Nyanchwa, Kisii
22 Juni 2025

Nyaboke,

Leo sitaandika habari za ng'ombe.

Nimempigia simu katibu wa shule yako. Nambari nimeitoa kwenye karatasi ya ripoti uliyonitumia ukiwa kidato cha pili, na nambari haijabadilika. Mama mmoja mpole amenijibu. Amesema fomu zipo tele, hadi mwisho wa Agosti. Amesema hawakufunga ofisi Ijumaa yoyote ya Machi wala ya Aprili, ila za sikukuu. Nikamshukuru, nikakaa chini, na sikupika.

Mimi nimekufundisha mengi lakini sijakufundisha kunidanganya. Mara moja ningesema umechoka. Mara mbili, hapana. Nimebaki na jibu moja tu, na ni jibu chungu: hutaki mwanangu aje. Pengine umekuwa mtu mkubwa huko, una maisha yako, na mtoto wa shangazi kutoka kijijini atakuaibisha mbele ya watu. Kama ni hivyo, niandikie hivyo kwa mkono wako. Nitaumia lakini nitajua. Kinachoniua ni kumwona Bosibori kila basi la Nairobi likipita anatoka kusimama kwenye ua, halafu anarudi ndani bila kuuliza.

Maryanne


Doornfontein
13 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baba na Mama wazima. Nimeanza barua hii mara nyingi mno, na leo nimejifungia ndani makusudi, simu nimemwachia Murielle chini, nimalize.

Nilidanganya. Sikuingia ofisini hata siku moja. Ijumaa ile nilifika hadi getini. Mlinzi pale ni Mkongo, anaitwa Alexis, alinisalimu kwa Kiswahili akaniuliza nataka nini. Nilimwambia nimepotea njia, nikavuka barabara, nikasimama kwenye robot, huku ndivyo tunavyoita taa za barabarani, taa ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani tena, na mimi nimesimama tu. Jumatatu vivyo hivyo, ila siku hiyo Alexis alinitolea kiti. Nina miaka ishirini na sita, shangazi, na miguu yangu inakataa kuingia kwenye geti la shule.

Bosibori hanitii aibu. Usiseme hivyo tena, tafadhali. Namwogopea.

Unataka nimalize sentensi. Basi sikiliza. Pale shuleni kulikuwa na somo la Kizulu kwa wasichana weusi na Kiafrikana kwa wengine. Hakuna aliyeniuliza, walinitazama wakanipeleka kwenye Kizulu. Sikujua hata neno moja. Mwalimu alifikiri namfanyia kiburi. Wasichana wenzangu weusi walinisemesha kwa Kizulu wakati wa mapumziko, nikajibu kwa Kiingereza, wakasema najiona Mzungu. Walipojua natoka Kenya wakaacha kusema najiona Mzungu, wakaniita kwerekwere, ndilo jina lao kwa wageni weusi. Na Wazungu kwao mimi nilikuwa mmoja wa wale wale walionikataa. Sikuwa na pa kukaa, shangazi, nazungumzia benchi hasa, benchi la kulia mkate. Nilikula nikitembea. Nilizunguka uwanja mzima nikila ili nionekane nina mahali ninapokwenda. Nadhani bado nazunguka.

Halafu kuna siku mwalimu wa sayansi alikuwa anafundisha ngozi. Akaita wasichana sita mbele ya darasa, akatuambia tujipange kuanzia mweupe hadi mweusi. Hakuwa mtu mbaya, alidhani ni somo zuri. Wale watano walibishana kidogo, wakapimana mikono, wakacheka. Mimi sikubishana na mtu. Nilikwenda mwisho kabla sijaambiwa, na darasa zima likacheka jinsi nilivyokwenda haraka. Kuanzia siku hiyo nikawa Namba Sita. Hata msichana aliyekuwa rafiki yangu aliniita hivyo, kwa upole kabisa, akidhani nimelizoea.

Marafiki unaowajua kwa majina niliwatoa kwenye orodha ya darasa. Siku ya kuimba peke yangu haikuwepo. Bwawa lipo kweli.

Unakumbuka barua ya Machi 2012, niliyokuandikia kwamba nimemwagikiwa na chai mikononi? Ulinijibu ukinitania, mtoto mkubwa hata kikombe hawezi kushika. Haikuwa chai. Ijumaa mchana, kabla Mama hajarudi, nilichukua ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nikajipaka mikono yote miwili hadi viwikoni. Nilitaka kujaribu mikono kwanza, ikikubali niende usoni. Mama alinikuta bafuni. Nililala hospitali siku tisa. Barua ile tuliandika pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika kwa mkono uliofungwa bendeji, kwa sababu alisema ukijua utasema wamenileta huku kuniharibu. Baba hadi leo anajua ni chai. Sijavaa nguo ya mikono mifupi tangu hapo.

Ningeweza kuishia hapa. Ungeisikitikia shule, ungeniita mama, ungeandika "pole" kwa wino mweusi. Lakini miezi hii minne kila nikitaka kukuandikia habari za shule, kuna kitu kingine kinatangulia kuja, na nisipokisema nitahama tena.

Shule haikuwa ya kwanza kuniambia. Desemba ile ya 2011, kabla sijaanza shule hiyo, tulikuja Kisii. Nyumba ilijaa wageni. Ulikuwa na mimba ya Bosibori. Nilikuja kukusalimu mbio, nilikuwa nakupenda kuliko watu wote kwa sababu ulikuwa unajibu barua zangu. Ukashika tumbo kwa mikono miwili, ukageuza uso upande, ukasema watu wote wakisikia: "Toka mbele yangu, nisikutazame sana, huyu aliye tumboni asije akatoka mweusi kama wewe." Watu wakacheka. Baba alicheka. Wewe ulicheka hadi ukafuta machozi. Mchana tulipopiga picha uliniambia nisimame nyuma.

Ulikuwa utani, najua. Nilicheka na mimi. Lakini nilipoitwa mbele na yule mwalimu wa sayansi, ndiyo sababu nilijua njia ya kwenda mwisho.

Bosibori alipozaliwa mlituma picha. Sikuthubutu kuitazama mwezi mzima. Nilidhani nimemharibu.

Nyaboke


Doornfontein
7 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki nane hakuna jibu, na kwenye simu Mama anasema uko salama ila huongei sana. Leo Cyrus amekiri kanisani kwamba barua yangu ya Julai ilikaa kwenye mfuko wa koti lake hadi katikati ya Agosti. Eish, ningeweza kumpiga, halafu nikashukuru, kwa sababu huenda bado iko kwenye ofisi ya basi.

Kama haijakufikia, ikifika usiifungue. Itie jikoni iungue. Niliandika nikiwa na homa. Fomu nitaileta, nitamwomba Murielle aende kuichukua, Bosibori atakuja na mambo yatakuwa sawa, watoto wa siku hizi wana nguvu kuliko sisi. Nimeangalia nyumba nyingine upande wa Mayfair, iko karibu na barabara, pengine nitahamia huko mwisho wa mwezi.

Tafadhali usiifungue.

Nyaboke


Nyanchwa, Kisii
28 Septemba 2025

Nyaboke mwanangu,

Tuko hai. Baba Bosibori anakusalimu, ndama anakua, mahindi yamevunwa.

Barua yako ya kuniomba nisifungue imenikuta nilishafungua zamani. Nitakueleza ilivyokuwa, na sitapunguza kitu.

Ile ya Julai ilifika Alhamisi, tarehe ishirini na moja Agosti. Unajua desturi yangu. Sikuipitia kwanza. Nilimwita Baba Bosibori, nikamwita Bosibori, Marthe alikuwa amekuja kuomba chumvi naye akakaa, nikavaa miwani nikaanza. Nilipofika pale unaposema ulidanganya, nilitaka kuacha, lakini mimi nikianza kusoma sijui kusimama, na nilidhani ni aibu yako ninayosoma, nikasema moyoni wacha waisikie. Nikasoma shule. Nikasoma Namba Sita. Nikasoma mikono yako, na hapo Marthe akaniletea maji, nikanywa, nikaendelea. Nikasoma Desemba. Nikasoma "Ukashika tumbo kwa mikono miwili, ukageuza uso upande," na macho yakaona mstari unaofuata kabla mdomo haujafika. Nikashusha karatasi. Nikasema kuna kitu kimeingia kwenye miwani.

Bosibori alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda. Akaimalizia yeye. Neno kwa neno, Nyaboke, na hajawahi kuiona barua hiyo. Aliisema kwa sauti yangu, na kicheko changu mwishoni. Kisha akasema, "Endelea tu, Mama. Hiyo hata mimi naijua. Huwa unawaambia wageni."

Ni kweli huwa nawaambia. Miaka kumi na mitatu, mtu akiingia hapa akimwona amesimama karibu na mimi, nasema: huyu alitoka hivi kwa sababu nilimtazama sana binti wa kaka yangu. Watu hucheka. Yeye huleta chai na kuondoka. Sikuwahi kumtazama anavyoondoka.

Mwanzoni nilikukasirikia. Niliandika kurasa mbili za kukuambia kwamba zamani kila mtu alikuwa anasema hivyo, kwamba mama yangu, huyo unayeitwa jina lake, aliniambia mimi makubwa kuliko hayo, kwamba nilikuosha ukiwa mchanga. Yote ni kweli. Nilipoyasoma tena nikaona ni barua ya kujitetea, nikaichana. Halafu niliandika pole, nikaichana pia, kwa sababu ulishaniambia ungepata pole ya wino mweusi na nikaona haya.

Wiki iliyopita nilimwuliza Bosibori kwa nini alitaka sana kuja huko. Nilidhani atasema bwawa. Alisema: "Nilitaka kumwona Nyaboke. Kila mtu anasema nilitokana na yeye. Nilitaka kuona kama yeye anaishi vizuri."

Fomu sitaki tena. Nilikuwa nadhani namtuma akasome, kumbe mtoto alikuwa ananikimbia mimi. Siwezi kumpeleka kwa watu baki wamwondolee kitu nilichomtia mwenyewe. Lakini sijui nianzie wapi. Nimejaribu kumwambia ni mzuri. Nilimwambia Jumapili, tukichambua mboga, na alinitazama kama mtu anayesikia tangazo la redio, akaendelea kuchambua. Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne na huyu mmoja sijui nimwambie nini. Wewe ulikuwa mahali hapo alipo. Niambie ulitaka kuambiwa nini.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Shangazi yako,
Maryanne


Doornfontein
19 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baba na Mama wazima. Nimemwambia Baba kwamba haikuwa chai. Alitoka akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Mayfair sikuhamia. Si kwamba nimetulia, nilichelewa tu kulipa na nyumba ikachukuliwa, lakini nimefungua masanduku mawili kati ya manne.

Barua yako nilimsomea Murielle kwa sauti, nikajua kwa nini unapenda kufanya hivyo, na pia kwa nini ni hatari.

Umeniuliza nilitaka kuambiwa nini. Nimelitafuta neno hilo wiki mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa hiyo sijui linavyosikika. Najua tu nisichokitaka. Sikutaka kuambiwa ni mzuri. Hata hilo lingekuwa mtu ananiangalia ngozi. Nadhani nilitaka kukimbia kuja kukusalimu na wewe usigeuze uso.

Kukusamehe, siku nyingine naamka nimekusamehe, na ikifika saa nne asubuhi nimekasirika upya. Sitakudanganya tena kuhusu hilo wala kuhusu lolote. Nimekuandikia uongo tangu nikiwa mtoto na sasa sina nguvu nao.

Mwambie Bosibori, usimsomee mbele ya watu, mwambie yeye peke yake: siishi vizuri sana, wala siishi vibaya. Nina kazi. Nina jirani anayenisuka. Mtoto wa jirani ameanza kunijibu Kiswahili. Hakuniharibu na sikumharibu.

Nimekata tiketi. Nafika Nairobi tarehe kumi na mbili Desemba, Ijumaa, saa sita mchana, na nataka mje kunipokea wawili tu, wewe na yeye. Nikitoka pale mlangoni, mwache yeye anitazame muda wote anaotaka. Na wewe shangazi, nitazame pia, lakini usiseme chochote kuhusu nilivyo, hata kama ni kizuri. Sema karibu.

Nyaboke